Sauti Aliyoazima Ngalula

Ngalula alijua kuiga watu kabla hajajua kupika, na kwa sababu ya kuiga, kupika hakukujua hata baadaye. Akiwa msichana mdogo, mama yake alimwachia sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni akaenda kuchota maji. Aliporudi alikuta jiko limejaa moshi, sombe imegeuka makaa, na binti yake amesimama juu ya kigoda akiwahubiria kuku kwa sauti ya mchungaji wao, mkono mmoja juu, kamasi zikimtiririka. Mama akauliza, "Nani ameunguza sombe?" Mtoto akajibu papo hapo, "Hapana miye, mama! Ni moto!" Jibu hilo lilizunguka ukoo mzima. Hata alipohitimu Kifaransa katika chuo kikuu kule Kasapa na kurudi nyumbani na shahada yake, wajomba walimpokea mlangoni kwa kumuuliza kama moto umeshakamatwa.

Kipaji cha namna hiyo huko Lubumbashi kina kazi yake. Mtu akifa, kilio, ndivyo mji huo unavyoita matanga, hakiwi cha machozi matupu. Wajukuu huvaa nguo za marehemu, wakatembea kama yeye, wakakohoa kama yeye, wakagombana na mjane kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia washike mbavu. Babu yake Ngalula alipofariki, ni yeye aliyevaa kofia na koti la mzee. Aliomba chumvi kwa sauti ile ile ya kukwaruza, na bibi yake akajikuta ameinuka kwenda kuileta. Lakini kuna la mwisho ambalo halirukwi. Mzaha ukiisha, mjukuu huvuliwa zile nguo, nguo hugawiwa ndugu, na mzazi wake humwita kwa jina lake mpaka aitike kwa sauti yake mwenyewe. Siku ile mama yake alimwita kwa jina lake na la baba yake, "Ngalula wa Émile!" Akaitika, akanawishwa uso, akapewa kipande cha nyama, mambo yakaisha. Hakuliwaza tena jambo hilo, kama vile mtu asivyowaza juu ya mlango anaoufunga kila siku.

Sasa alikuwa mwanamke aliyevuka arobaini, mwalimu wa Kifaransa katika Institut Tujikaze, shule ya sekondari iliyojibanza kati ya mashamba ya mahindi na vichuguu vya mchwa kule Kasungami, pembezoni mwa mji. Aliishi na mama yake, Mama Ntumba, ambaye macho yalikuwa yamepofuka kabisa. Baba yake, Émile, fundi wa reli, alikuwa amekufa zamani. Kipofu yule alimjua binti yake kwa hatua zake uani na kwa sauti yake, basi. Kila jioni, baada ya Ngalula kumtolea miiba ya samaki, mama alikuwa na ombi moja. "Nifanyie kidogo papa yako," angesema. Ngalula angekohoa kikohozi cha Émile, kile kirefu kinachoanzia tumboni, kisha aulize kwa sauti nene, "Ntumba, radio yangu iko wapi?" Mama angecheka, apanguse macho yasiyoona, aende kulala ameridhika. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo. Na ubaya gani? Mjane kumsikia mumewe kidogo kabla ya usingizi!

Kazini nako alikuwa na mtu wake wa kumuiga. Mkuu wa shule, Préfète Kapinga, alikuwa mwanamke mkali mwenye miwani ya kamba na fungu la funguo kiunoni. Aliburuza mguu wa kushoto, na kabla ya kuingia darasani alikohoa mara moja, kikavu, ili wenye makosa wapate nafasi ya kuyaficha. Ngalula alimuiga katika chumba cha walimu mpaka chai ikawatoka wenzake puani. Siku moja Préfète mwenyewe alimfumania. Alimtazama juu ya miwani, akasema, "Mguu uburuze zaidi, Madame Ngalula. Miye nachoka kuliko vile," akaondoka. Walimu hawakujua wacheke au waombe msamaha.

Préfète alikufa wakati wa korona, vilio vilipokuwa vimekatazwa. Alizikwa haraka na watu wachache waliofunika nyuso, na hakuna aliyemlilia uwanjani wala aliyemuiga. Ndugu zake walikuwa mbali, Kasai, barabara zilikuwa zimefungwa, na zilipofunguliwa hawakuja. Vikwembe vyake vya kitenge, viatu vyake vya kahawia, miwani na funguo vilibaki katika kabati la ofisi, na ofisi ikafungwa kwa kufuli. Shule nayo ikaanza kufa taratibu. Bati za paa ziling'oka, wanafunzi wakahamia kwingine, darasa la Ngalula likabaki na vichwa vya kuhesabika.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Stanislas. Alikuwa mtengenezaji wa filamu, kijana wa mjini, suruali ya kubana na maneno mengi. Alikuwa anatafuta shule iliyochoka, kwa ajili ya mchezo wa televisheni kuhusu shule inayokataa kufa. Aliutazama ukuta wenye ufa na paa lenye matundu, akafurahi kama aliyeonyeshwa nyumba ya kifalme. Mchezo ungeitwa *Chaki na Vumbi*. Msimu wa kwanza ungepigwa picha hapo hapo katika likizo ya kiangazi, na walimu wangejiigiza wenyewe. Msimu wa pili ukipatikana, wafadhili wangeezeka paa lote upya. Mhusika mkuu alikuwa mkuu wa shule, mwanamke mkali mwenye moyo wa dhahabu ndani. Mwalimu wa hesabu, Liévin, aliinua kidole akasema wazi mbele ya wote, "Huyo tulikuwa naye. Na Ngalula anamufanya hadi utaogopa."

Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbuka usaha. Mavazi ya mchezo yalikuwa mikononi mwa Alima, mshonaji wa kando ya barabara, jirani na rafiki wa Ngalula, ambaye babu zake Waislamu walitoka Maniema na cherehani kichwani. Stanislas alimwambia anataka nguo zilizovaliwa kweli, siyo za jana. Alima akakumbuka kabati. Kufuli ilikatwa, nguo zikatikiswa vumbi, na Ngalula akajifunga kikwembe cha marehemu kwa mikono yake mwenyewe, akicheka. Viatu vilimpwaya. Alima alijaza karatasi kwenye ncha.

"Haiogopeshe?" Alima aliuliza, sindano mdomoni.

"Nini ya kuogopa? Alisema mwenyewe niburuze zaidi."

Siku ya kwanza ya picha, upepo wa Julai ulikuwa unapuliza jivu la nyasi zilizochomwa, baridi inauma. Ngalula alikohoa kile kikohozi kimoja kikavu nyuma ya mlango, kisha akaingia darasani. Wanafunzi walikuwa wameambiwa waendelee kupiga kelele mpaka Stanislas atoe ishara. Hawakungoja ishara. Walisimama wote kwa pamoja, na msichana mmoja wa mbele, aliyewahi kufundishwa na marehemu, akaanza kulia bila sauti. Stanislas alinong'ona kwamba kamera isizimwe. Hivyo ndivyo sehemu ya kwanza ilivyoanza, na kila aliyeiona baadaye alisifu jinsi yule mtoto alivyoigiza.

Katika wiki zilizofuata mambo yalikwenda vizuri mno. Kuna kwenda vizuri ambako mtu mwenye akili hukutilia shaka, lakini nani ana akili mbele ya kamera? Ngalula hakusahau neno hata moja, na alianza kuongeza maneno yasiyoandikwa. Siku moja walikuwa wanapiga picha ya kikao cha walimu. Alimgeukia Liévin, akagonga meza kwa fungu la funguo, akasema, "Na weye, Liévin, ufunguo wa chumba ya bitabu iko wapi? Nilikupatia siku ya ine, ukaniambia utarudisha kesho."

Liévin aliachama, akasogeza kiti chake nyuma. Stanislas alifurahi ajabu, akasema hiyo ibaki, uso ule haununuliki. Lakini baada ya kazi Liévin alimvuta Ngalula nyuma ya kichuguu. Ufunguo ule alikuwa nao kweli. Préfète alimpa Alhamisi moja, siku chache kabla ya kulazwa, wakiwa wawili tu ofisini. Baada ya kifo aliona haya kuurudisha, akaufunga katika kitambaa nyumbani, na hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Ngalula. Maneno yalikuja tu, kama mate yanavyokuja mdomoni. Jioni ile, alipovua viatu, aligundua kwamba karatasi za Alima hazimo ndani. Alikuwa amezitoa mwenyewe, hakumbuki lini, na viatu havikuwa vinapwaya tena. Kisha akajiambia kwamba miguu huvimba kwa kusimama kutwa, akaenda nyumbani.

Septemba shule ilifunguliwa, na Oktoba mchezo ukaanza kuonyeshwa kila Jumapili. Kasungami nzima ilijikusanya penye televisheni. Umeme ulipokatika watu walitukana, uliporudi walishangilia. Wanafunzi waliokimbia walianza kurejea, na wazazi waliwaleta wenyewe, wakitaka waandikishwe katika "ile shule ya mu televizyo". Darasa la Ngalula lilijaa hadi wakakaa watatu watatu kwenye benchi. Ilikuwa furaha ya kweli, na aliistahili. Ila alipoingia darasani kwa nguo zake mwenyewe, wanafunzi walisimama kimya na hawakukaa mpaka aondoe macho. Sokoni, bibi mmoja muuza muhogo alimshika mkono kwa mikono miwili akasema, "Préfète, ulikuwaka wapi siku yote hii? Tulisikia habari mubaya." Ngalula alitaka kumwambia amekosea mtu. Badala yake alijisikia akisema, "Nilikuwa nimelala," na bibi akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Yote hayo aliyavumilia. Alijifariji kwamba umaarufu ndivyo ulivyo, una mzigo wake. Kisha ikaja jioni ya nyumbani.

Aliingia uani na begi la madaftari, amechoka, akamsalimia mama yake aliyekuwa ameketi mkekani mlangoni. Mama Ntumba alijiweka sawa, akavuta kikwembe chake mabegani kama mtu anayepokea mgeni wa heshima.

"Karibu, Préfète," alisema, akimpisha mkekani. "Ikala. Mutoto yangu bado hayarudi ku masomo."

"Mama, ni miye."

"Miye nani?"

"Ngalula."

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akatabasamu kwa adabu. "Hapana, mama. Sauti ya Ngalula naijua. Na mguu wake naijua, haiburuze. Ungojee kidogo. Atakuja, atatuunguzia sombe, tutakula sisi wote."

Ngalula alicheka, akidhani anataniwa. Mama hakuwa anatania. Usiku ule hakula. Ngalula alimtolea samaki miiba, akamsogezea sahani, akamgusisha mkono kwenye chakula. Mama aliirudisha taratibu. "Asanti, Préfète. Ile kazi ya miiba ni ya mutoto yangu. Nitamungojea."

Jirani mmoja alisema ni uzee, akili imeanza kuyeyuka. Lakini Alima alipokuja asubuhi mama alimtambua kabla hajavua viatu, akamuuliza habari za cherehani iliyoharibika. Alimtambua muuza makala, yale makaa ya kupikia, kwa mlio wa baiskeli yake. Alimtambua paka. Aliyempotea ni mmoja tu. Ngalula alikwenda kusimama katikati ya mabua makavu ya mahindi nyuma ya nyumba, mahali pasipo na mtu, akatamka jina lake kwa sauti. Jina lilitoka kavu, likikatwa kwa kikohozi mwishoni, kwa sauti ya mwanamke anayemwita mwalimu aliyechelewa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alitaka kulia, akakuta hata kilio chake kinakohoa.

Mama alikataa samaki tena kesho yake, na siku iliyofuata. Alikunywa uji kidogo kutoka kwa Alima, akiuliza kila hatua ikipita barabarani, "Si Ngalula yule?" Ngalula alikuwa amekaa pembeni yake, mdomo ameubana, maana kila akifungua mama aliingiwa na adabu za ugenini. Hebu fikiri jambo hilo. Mama yako anakusubiri, anakuita, anazeeka mbele ya macho yako kwa kukungoja, nawe uko hapo hapo, huna sauti ya kumwambia umefika.

Alima ndiye aliyelitaja. Alikuwa anamfunga mama kilemba, mara mikono ikasimama.

"Ngalula, ile siku ya babu yako, ulituambiaka hii hadisi. Nani alikutosha nguo mu mwili?"

"Mama. Aliniita."

"Na hizi za Préfète, nani alikutosha?"

Alima akakaa chini. "Ni miye nilikosa. Muntu amezikwa bila kilio, nguo yake haiyagawiwa, na miye nazikamata nakuvalisha. Umemufanya musimu nzima, hakuna mwenye kukuita. Kwetu tungesoma khitima, kwenu munaita jina. Lakini kila nyumba inafungaka mulango."

Stanislas alipoambiwa kwamba Préfète atafanyiwa kilio hakucheka, na kwa hilo nampa sifa zake. Alichofanya ni kibaya zaidi: macho yalimng'aa. Alisema sehemu ya mwisho bado haijafungwa, kilio cha Préfète uwanjani kingekuwa mwisho wa ajabu, na wafadhili wa msimu wa pili wangelia. Paa lingepatikana kesho yake.

"Hakuna kamera," Ngalula alisema.

"Lakini Madame, hata moja ndogo?"

"Moja ikiingia, ni mchezo tena. Na mchezo nimecheza vya kutosha."

Kilio kilikaliwa Jumamosi alasiri, mawingu ya mvua ya kwanza yakiwa yameshuka mpaka juu ya vichuguu. Walimu walikuja, wanafunzi, waliowahi kusoma hapo, akina mama wa mtaa na majiko yao ya makala. Yule bibi wa muhogo alikuja, akakaa mbele. Waliimba, wakalia kwanza kwa ajili ya Préfète Kapinga, kilio cha kweli kilichokuwa kimekwama kooni mwao miaka yote ile. Liévin alileta ufunguo katika kitambaa chake, akauweka juu ya mkeka, akalia kuliko wote.

Kisha Alima akawapa wanafunzi kazi ya wajukuu, "Nyinyi njo bajukulu. Mumufanye."

Waliona haya mwanzoni. Msichana mmoja akainuka, akaburuza mguu. Mwingine akafanya miwani kwa vidole. Mara kicheko kikazuka, na kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaburuza mguu wa kushoto, vumbi likipanda, kila mmoja akimfokea mwenzake kuhusu soksi na chaki. Ngalula alikuwa amesimama katikati, amevaa kila kitu, na kwa kila aliyemuiga Préfète alihisi kitu kinapungua mabegani. Hapo ndipo kikohozi kiliposikika. Kimoja, kikavu, kutoka ofisini. Watu walicheka wakidhani ni mwanafunzi mtundu. Alima na Ngalula walitazamana. Mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli mpya, na ufunguo wa kufuli ile ulikuwa katika mkono wa Alima.

Walimvua haraka. Miwani, funguo, kikwembe. Viatu viligoma, ikabidi Liévin apige magoti avivute, na vilipotoka miguu ya Ngalula ilikuwa na alama nyekundu pande zote. Mama Ntumba aliongozwa mpaka mbele yake, ameshika bakuli la maji.

"Ngalula wa Émile!" aliita.

"Présente, nipo," ikajibu ile sauti kavu.

Kicheko kilikatika kama kamba. Mama alitikisa kichwa. "Si yeye." Akaita tena kwa nguvu zaidi, na tena, na kila mara alijibiwa na mgeni. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga bati. Mtu mmoja nyuma alianza kusali. Bakuli la mama liliyumba, maji yakamwagika kwenye mkono wa gauni lake, na yule mzee, aliyekuwa mpole siku zote hizo, mwishowe akapandwa na hasira ya kweli, hasira ya mama anayerudi na ndoo kichwani na kuona moshi.

"Ngalula!" alifoka. "Nani ameunguza sombe?"

"Hapana miye, mama! Ni moto!"

Jibu lilitoka kabla hajafikiri, jembamba, la mtoto aliyeshikwa na kosa. Kisha bakuli likaanguka, na Mama Ntumba akamshika binti yake uso kwa viganja vyote viwili vilivyolowa. "Ulikuwa wapi?" aliuliza. "Ulikuwa wapi siku yote hii, na njaa inaniua?" Watu walilia na kucheka kwa pamoja, mvua ikawanyea, hakuna aliyekimbia.

Nguo ziligawiwa hapo hapo. Miwani alipewa bibi wa muhogo. Viatu kila mtu alivikwepa, mpaka mama mmoja auzaye maandazi langoni akasema miguu yake haijui kusoma wala kuogopa, akaenda navyo. Hajawahi kuburuza mguu hadi leo.

Siku chache baadaye Stanislas alikuja na karatasi za msimu wa pili. Alimwomba Ngalula atoe sentensi moja tu ya Préfète, wafadhili waisikie kwenye simu. Ngalula alikuwa tayari. Shule ni shule, na paa ni paa. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, akatoka Ngalula. Alijaribu tena. Alijaribu mchungaji, alijaribu Liévin, alijaribu Stanislas mwenyewe, kile Kifaransa chake cha puani, ambacho hata mtoto angekiweza. Kila mara alitoka Ngalula, mwalimu wa Kifaransa, mwanamke mwenye sauti ya kawaida tu. Msimu wa pili ulikwenda kwa mwigizaji wa mjini, katika shule nyingine yenye nyufa nzuri zaidi. Tujikaze ilibaki na nusu ya bati mpya, malipo ya msimu wa kwanza, na nusu ya matundu. Baadhi ya wanafunzi waliondoka tena, baadhi wakabaki. Iliuma, na Ngalula hakujifanya kwamba haiumi.

Sehemu ya mwisho ya *Chaki na Vumbi* ilionyeshwa Jumapili ya mvua. Ngalula na mama yake waliketi mkekani mbele ya televisheni ndogo. Sauti ya Préfète ilijaza chumba, ikiwaaga wanafunzi uwanjani. Mama Ntumba alikamata mkono wa binti yake, kuhakikisha uko wapi. Kisha akasimama, kama mtu anavyosimama mgeni anapoaga. "Uende muzuri, Préfète," alisema. "Umetufundishia batoto." Majina ya waigizaji yakapita, muziki ukaisha, Ngalula akazima.

Walikaa wakisikiliza mvua. Mama alikuwa na furaha, na furaha humrudisha mtu kwenye mazoea yake.

"Nifanyie kidogo papa yako," alisema.

Ngalula alikuwa ameiogopa jioni hiyo tangu siku ya kilio. Alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke. Akashusha sauti hadi chini kabisa, akasema, "Ntumba, radio yangu iko wapi?" na lilikuwa swali la Ngalula kuhusu redio. Alijaribu mara nyingine. Émile hakuwepo. Alikuwa ameondoka pamoja na wengine wote, bila hata mtu kumwambia kwaheri, na ni yeye Ngalula aliyemwachia mlango wazi.

"Mama," alisema akilia, "nimemupoteza papa."

Uso wa mama ulikunjamana, na Ngalula aliona mjane wa jana, siyo wa zamani. Alilia kidogo, mzee yule, bila aibu. Kisha akapapasa hewani mpaka akapata kichwa cha binti yake.

"Hata yeye hatukumuachaka aende," alisema. "Kila magaribi nilikuwa namukamata na mukono." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Émile, uende muzuri."

Mvua iliendelea. Hakuna aliyekohoa.

"Sasa sema kintu," mama alisema. "Kintu yoyote. Sauti yako njo nilikuwa natafuta."

Ngalula alipangusa uso, akasema anakwenda kupasha sombe. Mama akamwambia asiache kusema, amsikie mpaka jikoni. Basi akasema. Alisimulia akiwa jikoni habari za Alima na cherehani yake, za Liévin, za mwanafunzi aliyelala darasani akaota kwa Kifaransa, za bei ya makala, za lolote lililomjia, kwa sauti yake ya kawaida, huku mama akicheka na kuitikia kutoka chumbani. Alisema hivyo mpaka sombe ikaungua.